Kutoka Simu ya Unguja hadi Uzi wa Kioo: Njia ya Habari na Watu wa Bara

Mwanzoni mwa mwaka 2023, mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji katika Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa hapa Kampala, aliniletea karatasi kumi na moja nimfasirie. Mtu huyu ni mzaliwa wa Bukavu. Kiswahili chake ni kizuri, Kifaransa chake ni kizuri zaidi, na Kiingereza chake ni cha kupatania bei tu. Karatasi zile zilikuwa mkataba wa kuunganishiwa intaneti kwa uzi wa kioo. Kazi zilikuwa zimemzidi tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha, mwezi Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Wateja walikuwa wakimpelekea kutoka Nairobi na Dar es Salaam kurasa za vitabu vyenye picha nyingi, na laini aliyokuwa nayo ilishindwa kuzimeza. Kitabu kilichopelekwa asubuhi kilimalizika kuingia jioni, na mara nyingine kilikatika njiani kikaanza upya.

Katika kifungu cha tatu mkataba uliahidi kasi ya “hadi megabiti 100 kwa sekunde.” Nilipofika hapo nilisimama. Sisi walimu huwafundisha wanafunzi kwamba neno *hadi* huonyesha mahali pa kufikia: nilitembea hadi sokoni, maana yake sokoni nilifika. Katika mkataba ule *hadi* ilikuwa na maana nyingine kabisa, yaani huenda usifike, na usipofika usidai. Nikamweleza hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake siku ile: “Mwalimu, kwani huu uzi unatoka wapi?”

Makala haya ni jibu langu kwake, na naliandika pia kwa ajili ya walimu wenzangu wa nchi zisizo na bahari, kwa kuwa sisi ndio tunaolipa gharama ya kutokuwa nayo.

Neno *simu* lenyewe ni shahidi wa kwanza. Asili yake ni Kiajemi, *sim*, yaani fedha, na pia waya. Katika kamusi za Kiswahili za mwanzoni mwa karne ya 20, *simu* ni telegrafu kabla ya kuwa chombo cha kusemea kwa mdomo. Aliyepiga simu zamani hizo alipeleka maneno machache yaliyoandikwa, tena aliyahesabu, maana kila neno lilikuwa na bei yake. Wafanya biashara walitunga vitabu vya siri vya kufupisha maneno, neno moja likibeba sentensi nzima. Kwa hiyo kubana habari ili ipite katika njia nyembamba na ya ghali si jambo lililoletwa na kompyuta.

Waya huo ulifika Unguja mwaka 1879, wakati wa Sultani Barghash. Sababu ya kufika kwake haikuwa Unguja. Tarehe 22 Januari mwaka huo jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu kule Isandlwana, na habari haikufika London mpaka tarehe 11 Februari, kwa kuwa ilibidi isafiri kwa meli sehemu kubwa ya njia. Serikali ya Uingereza ilitaka isikie mapema zaidi. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imelaza waya chini ya bahari kutoka Aden, kupitia Unguja na Msumbiji, mpaka Durban. Kisiwa cha Bawe, kinachoonekana kutoka Mji Mkongwe, kikawa kituo cha nyaya hizo. Unguja ilipata mawasiliano ya dunia kwa sababu ilikuwa njiani. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwani litarudi.

Bara tulisubiri reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Nyanza, pale panapoitwa Kisumu leo. Waya wa simu ulisimamishwa kandokando yake, nguzo kwa nguzo. Wanandi, ambao nchi yao ilikuwa imeingiliwa bila ridhaa, waliukata mara nyingi na kuifanya shaba yake mapambo. Maafisa wa reli waliandika kwamba huo ni wizi. Wanandi walikuwa na neno lao juu ya nani aliyekuwa mwizi, na sitalijadili hapa. Nalitaja kwa sababu hata leo mafundi wa Kampala husimulia jinsi nyaya zao zinavyochimbuliwa usiku na watu wanaotafuta shaba. Wakishapasua gamba wanakuta nyuzi za kioo zisizouzika popote, wanaziacha zikining'inia, na mtaa mzima unalala bila mtandao.

Hapo tumeufikia uzi wenyewe. Kwa miaka mingi wataalamu walijua kwamba mwanga unaweza kuongozwa ndani ya kioo, lakini kioo cha kawaida huunywa mwanga upesi. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi katika maabara moja ya Harlow, Uingereza, pamoja na mwenzake George Hockham, walionyesha kwamba kosa si la kioo bali ni la uchafu uliomo ndani yake. Kioo kikisafishwa vya kutosha, mwanga utakwenda mbali. Mwaka 1970 wataalamu watatu wa kampuni ya Corning ya Marekani walipata uzi ambao, baada ya kilomita moja, ulibakiza asilimia moja ya mwanga ulioingizwa. Msomaji ataona kwamba asilimia moja ni kidogo mno, lakini ilitosha kuanzia. Katika nyuzi za siku hizi mwanga husafiri yapata kilomita 100 kabla haujapungua kufikia asilimia moja hiyo. Unene wa kioo hicho ni kama wa unywele, na sehemu ya kati inayopitisha mwanga ni nyembamba zaidi, kiasi cha sehemu 9 za milimita iliyokatwa mara 1,000. Katika miaka ya 1980 kikapatikana kifaa cha kuupa mwanga nguvu upya ukiwa njiani bila kuugeuza umeme kwanza, na baadaye ikawezekana kupitisha rangi nyingi za mwanga katika uzi mmoja, kila rangi ikibeba habari zake. Mkonga wa kwanza wa namna hii kuvuka Bahari ya Atlantiki ulianza kazi mwaka 1988.

Nimeandika *mkonga*, na najua wapo watakaonisahihisha. Nchini Tanzania jina rasmi ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na magazeti huandika mara *mkongo*, mara *mkonga*. Mimi nashika *mkonga*, kwa kuwa neno hilo tayari ni la tembo, na kile kinachonyoshwa kutoka baharini kuja nchi kavu kutafuta cha kushika kinafanana naye sana. Mwenye hoja kinyume aiandike. Kurasa hizi zipo.

Turudi pwani. Mwaka 1988 ulipita, na miaka mingine 20 ikapita, na pwani yote kuanzia Somalia hadi Msumbiji haikuwa na mkonga hata mmoja wa uzi wa kioo. Tulitegemea setilaiti. Setilaiti hizo hukaa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, hivyo swali na jibu lake havikosi kutumia nusu sekunde angani hata anayezungumzwa naye awe nyumba ya pili. Ofisi iliyohitaji megabiti moja tu kwa sekunde, kiasi ambacho leo kijana hukidharau katika simu yake ya mkononi, ililipa maelfu ya dola kila mwezi. Wapiga chapa wa Nasser Road hawakujaribu. Mafaili yao yalikuja katika santuri za kompyuta, ndani ya bahasha, kwa basi la usiku kutoka Nairobi. Na ukweli ni kwamba basi hilo lilibeba habari nyingi kwa saa kuliko setilaiti yoyote ambayo wangeweza kuilipia.

Ajabu nyingine ya wakati huo ni kwamba barua ya mtandao iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya ng'ambo ya barabara ilipanda kwanza setilaiti, ikashuka Ulaya au Marekani, kisha ikarudi. Safari zote mbili zililipiwa kwa fedha za kigeni. Mwezi Novemba 2000 kampuni za mtandao za Kenya zilifungua mahali pa kubadilishana habari zao wenyewe kwa wenyewe. Kampuni ya simu ya taifa, iliyokuwa na haki pekee ya njia za kwenda nje, ililalamika, na mwezi uliofuata msimamizi wa mawasiliano akapafunga. Palifunguliwa tena mwaka 2002 baada ya mabishano na leseni mpya. Uganda ilipata mahali pake mwaka 2001. Vitu hivi havina sura ya kupigwa picha: chumba kimoja, kabati la mitambo, nyaya chache. Lakini bila chumba hicho mtu anaweza kununua njia pana kama mto, na bado barua yake kwa jirani ikazunguka dunia.

Mwaka 2003 kampuni za simu za mashariki na kusini mwa Afrika zilikubaliana kujenga mkonga mmoja wa pwani, ukaitwa EASSy. Ungeweza kudhani kwamba kilichobaki ni fedha na meli, lakini palizuka ugomvi uliochukua miaka. Kampuni zilitaka utaratibu wa kawaida wa mikonga ya wakati huo: wanaochanga ndio wamiliki, kila mmoja anashika lango la nchi yake, na asiyechanga ananunua kwao kwa bei waipendayo. Pwani ya magharibi ya Afrika ilikuwa imekwisha kuonja utaratibu huo. Mkonga wa SAT-3 ulifunguliwa mwaka 2002, na katika nchi nyingi bei hazikushuka ilivyotarajiwa, maana aliyekuwa amekaa langoni alikuwa mmoja. Serikali, zikiongozwa na tume ya NEPAD, zilitaka lango liwe wazi kwa kila mwenye kulipa, kwa bei moja. Mwezi Agosti 2006 mawaziri wa nchi kadhaa walitia saini itifaki huko Kigali. Yafaa kutambua kwamba ilikuwa Kigali, mji ulio mbali na bahari. Wenye bandari walikuwa na subira. Wasiokuwa nayo walijua kwamba lango likifungwa, wao ndio watakaolala nje.

Kenya haikusubiri mwisho wa shauri. Mwishoni mwa mwaka 2006 ilitangaza mkonga wake, TEAMS, kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu moja kwa moja hadi Mombasa. Nako kukatokea kampuni ya watu binafsi, SEACOM, isiyokuwa na lango la kulinda. Matokeo yake ni kwamba pwani iliyokosa hata mmoja ilipata mitatu ndani ya mwaka mmoja na kidogo. TEAMS ulipokewa Mombasa Juni 2009. SEACOM ulianza kazi tarehe 23 Julai 2009, ukiunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na nchi za ng'ambo. Na EASSy wenyewe, ambao ulikuwa wa kwanza kufikiriwa, ulifuata Julai 2010. Ugomvi ule haukupotea bure, kwani sehemu kubwa ya EASSy ilishikwa na kampuni ya pamoja, WIOCC, iliyoundwa ili wadogo na nchi za bara wapate hisa na bei ya haki. Mwezi Oktoba 2009, miezi mitatu baada ya SEACOM kuwashwa, Charles Kao alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Alikuwa na umri wa miaka 75. Sidhani kama kuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja wakati ule.

Watu wengi humalizia historia hii hapo, mkonga unapotua ufukweni na waziri anapopigwa picha ameushika. Kwa mpiga chapa wa Kampala, hapo ndipo ilipoanzia. Mombasa iko mbali na Kampala zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na kila kilomita ina mwenyewe. Uzi wa bara hupita kandokando ya barabara kuu, katika njia ya reli, au juu ya nguzo za umeme mkubwa. Shirika la kusafirisha umeme la Uganda hukodisha nyuzi zilizo ndani ya waya wake wa juu kabisa, ule unaokinga radi. Serikali ya Uganda ilianza kujenga njia yake ya taifa mwaka 2007 kwa mkopo wa China. Tanzania nayo iliusogeza mkongo wake (niruhusiwe kuuita jina lake) hadi mipaka ya Mutukula, Rusumo na Kabanga, na hivyo Uganda, Rwanda na Burundi zikapata mlango wa pili.

Bei zilishuka, ingawa polepole. Megabiti moja kwa mwezi ambayo njia ya serikali ya Uganda iliiuzia ofisi za umma kwa dola 300 katikati ya muongo uliopita ilikuwa imefika dola 70 mwaka 2018. Lakini katika barabara inayopanuliwa greda halina macho. Wala baharini hakuna usalama wa milele: Februari 2012 meli moja iliyotia nanga mahali pasiporuhusiwa nje ya bandari ya Mombasa iliukata TEAMS, siku chache tu baada ya mikonga mingine kukatika katika Bahari ya Shamu.

Nilipokwisha kuyasoma haya ndipo nilipoelewa kilichokuwa ndani ya zile karatasi kumi na moja. Laini aliyouziwa mpiga chapa ilikuwa ya kugawana: wateja wengi hushirikiana njia moja, kila mmoja akiahidiwa upana wote kwa matumaini kwamba hawatakuja wote pamoja. Nyumbani hilo halina ubaya, kwa kuwa jirani akilala wewe unafaidi. Mtaani kwa wapiga chapa wote huja saa nne asubuhi. Tena upana wa kupokea ulikuwa mkubwa na wa kupeleka ulikuwa mdogo, ilhali yeye alihitaji kurudisha kurasa zilizopangwa kwa wateja wazikague. Alichotaka kiliitwa kwa jina lingine na kilikuwa na bei nyingine: laini yake peke yake, yenye upana sawa kwenda na kurudi, na adhabu kwa kampuni isipofikisha. Alilipa. Akalipa na gharama ya kuchimba mtaro wa mita zisizofika 200 kutoka nguzo ya mwisho hadi mlangoni pake, na mtaro huo ulimgharimu zaidi ya laini ya miezi mitatu. Alicheka akasema kwamba mwanga umetoka Ulaya kwa bei nafuu, kisha umepanda bodaboda kwa hatua za mwisho.

Kwa kuwa ni mtu mwangalifu, aliongeza na laini ya pili kutoka kampuni nyingine, ili moja ikifa nyingine isimame.

Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini. Sehemu ya SEACOM iliyo katika Bahari ya Shamu ilikuwa imekwisha kukatwa tangu Februari, na nanga ya meli iliyoshambuliwa na kuachwa ielee ndiyo inayosadikiwa kuikata. Hivyo kusini kulifungwa na kaskazini kulikuwa kumefungwa. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zote zilisikia, baadhi kwa siku kadhaa. Katika Nasser Road laini zote mbili za rafiki yangu zililegea pamoja. Alikuwa na vitabu vya kiada vya madarasa mawili mezani, mteja akiwa Dar es Salaam, na karatasi imekwisha kununuliwa kwa mkopo. Alipowauliza, kampuni zote mbili zilimjibu kwa adabu ileile, na polepole ikadhihirika kwamba zote mbili zilikodi njia yao baharini katika mkonga mmoja. Alikuwa amenunua ankara mbili na njia moja. Mwishoni akampa mtoto wake diski, akampandisha basi la Mutukula.

Baada ya hapo alikuja tena kwangu na mikataba mitatu mipya. Safari hii hakuniuliza bei zilizomo. Alikuwa ameziandikia kampuni zote tatu swali moja, nami nimemtafsiria: “Uzi wenu unapitia wapi, kutoka mlangoni pangu mpaka ng'ambo?” Moja haikujibu. Ya pili ilijibu kwamba hiyo ni siri ya biashara. Ya tatu ilimpelekea kijana mwenye ramani, akaitandaza juu ya meza ya kukatia karatasi, akafuatisha kidole kutoka Kampala kwenda Masaka, Mutukula, kuzunguka ziwa, mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo akamtajia mkonga kwa jina. Kisha akamwonyesha ile laini ya zamani, iliyopita Malaba kwenda Mombasa, ili aone kwamba njia hizo mbili hazikutani nchi kavu, na kwamba baharini kila moja ina mkonga wake. Ile ramani bado ipo ukutani, juu ya mashine ya kukatia.

Katika mkataba huo wa mwisho neno *hadi* halikuwamo kwenye kifungu cha tatu. Nililikuta kwenye kifungu cha tisa: laini ikikatika, mafundi watafika katika muda wa hadi saa nne. Nikamwonyesha. Akaniambia niliache, akatia saini.